Mtu Mwenye Kasha Jeusi

Kwako dada yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi wewe pamoja na wapwa zangu. Natumaini mguu wako uliokuwa ukikusumbua kwa kukanyaga cherehani siku nzima umepata nafuu, na kwamba binti yako mkubwa amemaliza mitihani yake salama. Huku kwangu hatujambo, kwa upande wa afya ya mwili. Nasema hatujambo kwa wingi kwa sababu mume wako bado yuko kwangu. Anakula vizuri, analala kwenye kochi langu ambalo miguu yake imelizidi urefu, na kila asubuhi anakunja shuka kama askari. Ya moyoni ndiyo yaliyonikalisha mezani leo.

Najua utashangaa kupata barua kutoka kwa mtu anayeishi safari fupi tu ya basi. Dada, nimefika kituoni mara mbili na mara zote nikageuka. Miguu ilikubali, uso ndio uliokataa. Wewe unanijua tangu natambaa. Ukinitazama tu, nasema nusu ya jambo halafu naanza habari za mvua. Kwenye karatasi sitapata pa kukimbilia, na wewe utaweza kunitukana kwa nafasi yako bila mimi kukukatisha.

Ujumbe wako niliupata. Ulinitisha kwa ufupi wake, maana sijazoea kupata maneno machache kutoka kwako. Ulisema kwamba mimi ndiye niliyekiandika kitabu, kwa hiyo nikujibu kwa ndiyo au hapana: yule mtu mwenye kasha jeusi aliyetoka mlango wa nyuma ni mume wako au si yeye? Ukaongeza kwamba kama si yeye, nikusaidie kujua zile Alhamisi alikuwa akienda wapi, kwa sababu ukimuuliza yeye anaangalia sakafu. Nitakujibu yote mawili. Ila naomba univumilie nianzie mbali kidogo, kwani ukiisikia ya mwisho bila ya kwanza utadhani ni bahati mbaya, na haikuwa bahati mbaya.

Vitabu vyangu vitatu umevipanga kwenye kabati la dukani kwako, pembeni ya majora ya vitambaa, na kila mteja anayekuja kupimwa lazima umwonyeshe. Cha kwanza ni historia ya bendi za jazi za mji wetu. Cha pili ni riwaya ya mke anayemsubiri mumewe. Cha tatu ni hiki cha mauaji ya mwenye ukumbi wa dansi, kisa cha kweli, kama herufi nyekundu za jalada zinavyojigamba. Nikialikwa mahali kuzungumza, watu huniuliza inawezekanaje mtu mmoja aandike muziki, riwaya na mauaji. Nina jibu langu la kuchekesha: kwamba mwandishi ni kama fundi cherehani, leo suti ya bwana harusi, kesho sare za shule. Watu hucheka, napigiwa makofi. Utani huo niliuchukua kinywani mwako na sikukutaja. Kumbe na mengine mengi niliyachukua nyumbani kwako hivyo hivyo.

Nianze na hiki cha tatu kwa sababu ndicho kilichokuvunjia nyumba. Kama ujuavyo, mwenye ukumbi aliuawa ofisini kwake jioni ile umeme ulipokatika mji mzima, na mpaka leo hajapatikana mwuaji. Askari mmoja mstaafu alinifanyia mpango nikaruhusiwa kulisoma jalada la kesi. Nilitegemea kukuta mambo makubwa, nikakuta karatasi kavu. Hakuna aliyeona kitu. Aliyekuwa karibu kuliko wote ni mpishi wa ukumbi, mama mtu mzima, na alichowaambia polisi ni kwamba alisikia mlango wa nyuma ukijibamiza. Alisikia tu. Hakuona mtu, na alisema hivyo mara mbili.

Sura hiyo niliiandika kama ilivyo. Mhariri wangu akanirudishia akilalamika kwamba imelala, kwamba msomaji akifika pale atainuka kupika chai na hatarudi. Akaniuliza tangu lini mlango ukajibamiza peke yake bila mtu kutoka. Basi nikamtoa mtu. Nilimpa mpishi macho, nikampa na kiberiti mkononi, nikaandika kwamba alipowasha kijiti aliona mgongo wa mwanamume mrefu akienda haraka uchochoroni, amebeba kasha jeusi. Mhariri alifurahi mno. Alisema sasa sura inapumua.

Utaniuliza kwa nini kasha. Naapa, dada, sikumfikiria mume wako. Mkono ulikuwa umezoea tu. Katika riwaya yangu kuna mume anayetoka jioni na kasha jeusi, na mkewe hajui aendako, na wasomaji walilipenda sana lile kasha. Nikaona litapendeza hapa pia. Mtu anayeandika aina moja tu ya vitabu asingekosea hivyo. Mimi nilikuwa na mabaki ya riwaya mezani, nikachukua kipande nikakishonea kwenye kitabu cha ukweli, na sikuacha alama ya kuonyesha kwamba nguo mbili zimeunganishwa.

Kilichofuata unakijua kwa sababu kilikuangukia wewe. Mteja wako alikiweka kitabu juu ya cherehani, amekunja ukurasa, akakuuliza kwa sauti ya upole kama mume wako hakuwa akipiga katika ukumbi ule. Kisha gazeti likaandika juu ya mtu wa kasha. Redio ikafanya kipindi, mtangazaji akasema kasha la namna ile huwa ni la saksafoni, jambo ambalo hata mimi sikuandika. Mtaani wakakumbuka kwamba mpiga saksafoni wa ukumbi ule yupo, ni mrefu, anafundisha muziki shuleni, na wenzake wa bendi walimwita Pumzi kwa sababu alikuwa akivuta sauti moja mpaka wachezaji wanachoka. Wazazi wakaenda kwa mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu akamwomba mume wako apumzike nyumbani kidogo mpaka mambo yatulie, na wewe ukaanza kukosa usingizi kando ya mtu uliyezaa naye.

Katika kitabu changu cha jazi nimeeleza hila moja ya bendi za zamani. Mpigaji akikosea sauti jukwaani, wenzake hawamkodolei macho. Wanalirudia kosa lile lile, wote kwa pamoja, mara mbili tatu, mpaka wachezaji wanaamini kwamba ndivyo wimbo ulivyotungwa. Nilipoiandika niliona ni hila tamu sana. Sikuwaza kwamba mji mzima unaweza kufanya hivyo hivyo kwa sentensi yangu. Polisi walipofufua kesi walikwenda kwa yule mama mpishi, ambaye sasa ni bibi kizee, na unajua aliwaambia nini? Aliwaambia kwamba ndiyo, alimwona, alikuwa mrefu, alikuwa na kasha. Amesomewa kitabu na wajukuu zake mara nyingi mpaka amekumbuka kitu ambacho hakijatokea.

Mume wako akaitwa kituoni. Alipoulizwa alikuwa wapi jioni ile, alijibu kwamba alikuwa kwa mtu, lakini hawezi kumtaja mtu huyo kwa sababu alimpa neno lake. Jibu hilo lilimharibia zaidi kuliko uongo wowote. Alirudi nyumbani akakujibu vilevile. Wewe, ambaye ulishawahi kugundua kwa mke wa mpiga gita kwamba bendi haikuwa na mazoezi Alhamisi, ukamwambia achague moja: aseme alikuwa kwa nani au atoke. Akatoka. Sikulaumu hata chembe. Ningekuwa wewe ningemrushia na viatu vyake.

Na alipotoka, alikuja kwangu. Fikiria hilo. Kuna ndugu zake, kuna rafiki zake wa bendi, lakini alibisha hodi mlangoni kwangu na begi lake na kasha lake, akaniambia shemeji, nipe pa kulaza kichwa siku chache. Alikuwa akinitazama usoni kama anayesubiri kitu. Nilijua anasubiri nini. Nikamkaribisha, nikamtandikia kochi, nikaenda kuchemsha chai, na nilisimama jikoni muda mrefu baada ya chai kuchemka.

Tangu hapo nimeishi naye, dada, na sijawahi kuona aibu inayovaa viatu ikatembea nyumbani kwangu kama hii. Asubuhi ananyosha mashati yake pamoja na yangu. Amerekebisha bomba la jikoni lililokuwa likivuja tangu nihamie. Nikikaa mezani anapunguza redio na kufunga mlango polepole, kwa sababu anasema mwandishi asisumbuliwe. Saksafoni haigusi. Nilipomuuliza kwa nini, alisema majirani wakisikia wataanza kuchungulia dirishani, kisha yatanipata na mimi. Alikuwa ananionea huruma mimi.

Afande anayeshika kesi alikuja kunihoji mwanzoni kabisa. Alikuwa na kitabu changu kwapani, kimejaa mistari ya kalamu, na kabla ya kuniuliza lolote aliniomba nimtilie sahihi. Nikaitia. Nikamwandikia na maneno mazuri ya kumtakia mafanikio katika kazi yake. Kisha akaniuliza habari za mtu wa kasha nilizipata wapi, nami nikamjibu kwamba mwandishi hulinda vyanzo vyake. Aliinamisha kichwa kwa heshima na kuondoka. Ilikuwa nafasi ya kumaliza kila kitu kwa sentensi moja, lakini mchapishaji alikuwa amenipigia siku hiyo kuniambia chapa ya kwanza imekwisha madukani na wanachapa nyingine. Mchuma janga hula na wa kwao, wahenga walisema. Mimi nililichuma nikawaachia nyinyi mle peke yenu.

Nilijiambia nasubiri. Kesi itapoa, bibi kizee atachanganya maneno, watu watapata habari nyingine ya kutafuna. Kila siku nilikuwa na sababu mpya, na kila jioni mume wako aliniuliza siku yangu ilikwendaje.

Kilichonivunja ni jana. Nilimkuta jikoni anamenya viazi na kitabu changu kiko wazi mbele yake, amekiegemeza kwenye sufuria. Kumbe alikuwa hajakisoma. Alikuwa akisikia tu watu wanasema. Aliniambia nimeandika vizuri, kisha akaendelea kumenya. Baadaye akasema kwamba amefikiri sana tangu mambo yaanze. Kwa kuwa yeye hakuwa pale, na kwa kuwa mimi si mtu wa kubuni jambo kama lile, basi lazima kuna mwingine aliyekuwa na kasha, na kwa hesabu yake hakuna ila rafiki yake mpiga tarumbeta. Alisema jina lake hatalitoa kwa polisi. Yule bwana ana wajukuu, na presha inamsumbua. Alisema amekaa kimya kwa ajili yangu, lakini pia kwa ajili ya huyo, kwa sababu akijitoa yeye watakwenda kumbishia hodi mwenzake.

Alikuwa anakiamini kitabu changu, dada. Mtu anayeangamizwa nacho alikuwa anakiamini, na alikuwa ameanza kumwona rafiki yake wa miaka yote kuwa mwuaji kwa sababu mimi niliona sura imelala.

Nilimwambia pale pale. Nilimwambia hakuna mtu mwenye kasha, hakuwapo kamwe, nilimtunga. Aliacha kumenya. Hakunipigia kelele wala hakutupa kisu, ingawa nilitamani afanye lolote kati ya hayo. Alizima jiko, akafuta mikono, akatoka kwenda kutembea, na viazi vikabaki kwenye maji.

Hilo ni jibu la swali lako la kwanza. Si yeye, wala si mtu mwingine yeyote. Sasa la pili.

Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ni mimi. Alhamisi zile zote mume wako alikuwa kwangu.

Alikuwa akikaa kwenye kiti cha mbao karibu na dirisha, saksafoni magotini, akinisimulia. Kile kitabu cha jazi ambacho dibaji yake inasema ni matunda ya miaka ya utafiti na mahojiano na wanamuziki wengi, ni maneno ya mtu mmoja. Mimi nilikuwa na rekoda tu. Bendi zilivyoanza, nani alimwibia nani wimbo, nani alilewa akapiga onyesho zima akiwa amekaa, hila ile ya kurudia kosa, vyote vilitoka kinywani mwake. Nikiwa sielewi, alifungua kasha akanipigia nikaelewa. Ndiyo maana alikuwa akitoka nalo. Ile ya mazoezi ilikuwa kisingizio, na kisingizio chenyewe nilimpa mimi.

Nilimwomba asimwambie mtu, hata wewe. Nilikuwa nimeshamdanganya mchapishaji kwamba nimezunguka na kuhoji watu, na niliogopa kwamba ikijulikana chanzo ni shemeji yangu mmoja, kitabu kitaonekana ni porojo za sebuleni. Yeye naye alikuwa na sababu yake. Wanabendi wana mwiko wao: ya jukwaani hayatolewi nje, hata mke haambiwi. Wenzake wangejua ni yeye aliyesema wasingempa mkono tena. Kwa hiyo tulipeana neno. Mimi nililitoa kama mtu anayetoa noti bandia, yeye alilipokea kama noti halali, akaliweka.

Sasa kumbuka ile Ijumaa uliyokuja kwangu unalia. Ulikuwa umetoka kuzungumza na mke wa mpiga gita. Ulikaa kwenye kiti kile kile cha mbao, ambacho mume wako alikuwa amekikalia jana yake, ukaniambia kwamba una hakika ana mwanamke. Ulinieleza jinsi unavyosikiliza mlango, jinsi unavyojifanya umelala, jinsi unavyonusa shati lake ukakuta harufu ya vumbi tu. Ulinisihi kama mdogo wako nifuatilie nijue aendako. Nami, dada, nilikushika mkono, nikakuambia uvumilie, kwamba wanaume wana mambo yao na yatapita. Ulipoondoka niliketi nikaandika yote uliyosema kabla sijasahau.

Hiyo ndiyo riwaya. Ulipoisoma uliniita ukaniambia umelia mpaka sindano ikakuchoma kidole, na ukaniuliza nimejuaje moyo wa mwanamke kiasi kile. Nikakujibu kwamba ni kipaji. Ulinunua nakala ukawagawia wateja. Siku ya tuzo ulipiga vigelegele kuliko ukumbi mzima, na mume wako alikuwa kando yako akipiga makofi kwa kitabu kilichoandikwa juu ya kosa ambalo hakulifanya. Ulikuwa unamtafuta adui yako nje, kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

Na nilipoandika kisa cha mauaji, niliandika kwa mkono wangu mwenyewe kwamba ilikuwa Alhamisi, wala sikushtuka. Nilikuja kushtuka alipobisha hodi na begi lake. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba mtu pekee anayeweza kumtetea ni mimi, na kwamba nikimtetea vitabu vyangu vyote vitatu vitaanguka, kimoja baada ya kingine. Nikapima, nikachagua vitabu. Nikachagua hivyo hivyo kila siku, mpaka jana.

Leo asubuhi nimekwenda kituoni. Nimeandikisha maelezo kwamba mtu wa kasha ni wa kubuni, kwamba jioni ya mauaji mume wako alikuwa chumbani kwangu tangu mchana unaisha, na kwamba nilimpotosha afande aliponiuliza. Aliandika kila neno. Tulipomaliza alifungua droo, akatoa kile kitabu nilichomtilia sahihi, akanirudishia. Kutoka hapo nilimpigia mchapishaji nikamwambia asimamishe chapa mpya na nitawaandikia wasomaji wangu kwa jina langu. Aliniita majina ambayo si ya kuandikia dada. Nitashtakiwa au sitashtakiwa, sijui. Nimemwandikia na mwalimu mkuu. Kwa yule mama mpishi nitakwenda mwenyewe, maana ni mimi niliyemtia kiberiti mkononi, na nina hofu kwamba yeye ndiye atakayekuwa wa mwisho kuniamini.

Mume wako jana alirudi kabla viazi havijaharibika, akavipika, tukala. Tulipomaliza nilimwambia neno lake nimemrudishia, aende nyumbani akakueleze mwenyewe. Alikataa. Alisema wewe uliniuliza mimi, basi mimi ndiye nijibu. Kisha akasema kwamba ametolewa nyumbani kwake kwa maandishi yangu, na hataki kurudishwa kwa maandishi yangu. Kama utamtaka, utamwita kwa kinywa chako. Kama hutamtaka, atatafuta chumba. Simu yake iko mezani mbele yake saa zote, hata akienda kuoga anaiacha mahali anapoweza kuisikia.

Kwa hiyo barua hii usiihesabu kuwa ushahidi. Nimekudanganya kwa uzuri mara tatu, na sina haki ya kukuomba uamini karatasi yangu ya nne. Ndani ya bahasha kuna kanda. Ni nakala, kanda halisi nimewaachia polisi. Nimekuwekea na rekoda yangu, ina betri mpya. Ni Alhamisi ile ile. Utasikia redio ya jirani ikisoma taarifa ya habari, kisha inazimika ghafla na watoto wa mtaani wanapiga kelele gizani. Utamsikia mume wako akikatiza sentensi. Anasema ngoja, mke wangu yuko peke yake, ana mimba kubwa, na giza analiogopa, wacha niende.

Halafu utasikia sauti yangu. Namwambia akae kidogo, amalizie kwanza habari ya ile bendi ya pili, kwamba wewe ni mtu mzima na giza halijawahi kula mtu. Anasema mara mbili kwamba hujisikii vizuri. Namwambia dakika chache tu, shemeji, usinikatishe utamu. Basi anakaa, na anaendelea kusimulia mpaka kanda inakwisha. Kesho yake ulinieleza jinsi ulivyoketi nyuma ya mlango ukiwasha kijiti kimoja kimoja mpaka kiberiti kikaisha, ukimwita, na mimi nilikupa pole. Aliyoyasema katika giza lile ndiyo sura ya nne ya kitabu cha jazi, ile unayopenda kuwasomea wateja wako.

Wasalimie sana wapwa zangu, na mwambie binti yako asiache masomo kwa sababu ya maneno ya shuleni. Mama usimwambie lolote kwa sasa, nitakwenda kumwambia mwenyewe. Mimi usinijibu kama huwezi. Mpigie yeye.

Ni mimi mdogo wako,
uliyenishika mkono ukanifundisha kuandika.